Ombi la Maneno Mawili

Ipo nchi, na kama haipo basi wananchi wake hawajaambiwa. Ni nchi yenye adabu kupita zote. Huko mtu akitaka kusema jambo mbele ya wakubwa, hata kama jambo lenyewe ni kwamba paa linaungua, huanza kwa kuwatambua waliopo, mmoja mmoja, kwa cheo, jina na sifa, kutoka aliye juu mpaka aliye chini. Zamani palikuwa na njia ya mkato. Msemaji alisema tu "itifaki imezingatiwa," kisha akaendelea na yake. Njia hiyo ilipigwa marufuku baada ya Naibu Waziri mmoja kutotajwa jina katika uzinduzi wa choo cha soko, akalia hadharani mpaka akapewa maji. Tangu siku hiyo ikatungwa Sheria ya Kusikika, na sheria hiyo ina kifungu kimoja tu: neno lililotangulia itifaki si neno. Halijasemwa, halijasikika, wala haliandikwi popote.

Wananchi waliizoea sheria hiyo mpaka ikawaingia mifupani. Mgonjwa wodini akitaka maji, humtambua kwanza daktari, kisha muuguzi, kisha mwenye kitanda cha jirani. Vifo vya kiu ni vichache sana. Serikali imesema hivyo.

Katika nchi hiyo kilikuwako Kiwanda cha Sabuni cha Huruma, na katika kiwanda hicho, chumba cha kuchemshia, alifanya kazi mwanamke aitwaye Sikudhani Mbaruku.

Kazi yake ilikuwa kukoroga. Mbele yake lilisimama sufuria lililomzidi kimo, ndani mafuta yakitokota pamoja na kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni. Sikudhani alipanda ngazi, akashika mwiko mrefu kama kasia, akakoroga kuanzia asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Mvuke ulimpanda usoni. Ulikuwa mvuke wa kuwasha, wenye kumtoa mtu machozi, na wageni waliopita pale waliandika kwenye daftari zao kwamba wafanyakazi wa Huruma wanaipenda kazi yao hadi kulia.

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Lilipigiliwa misumari mwaka ule wapiga picha walipokuja kupiga picha za maua ya kampuni, kwa sababu mvuke uliotoka nje ulitia ukungu picha. Badala yake kampuni, kwa wema wake, ilichora dirisha jingine ukutani, kubwa mara mbili, lenye pazia la maua, anga la buluu na ndege wawili.

"Mnaona?" Mkurugenzi aliwaambia siku ya kulizindua. "Hili halitafungwa kamwe."

Wafanyakazi walipiga makofi. Mwenzake Sikudhani, Chiku Lipangile, alipiga makofi akiwa ameelekea upande usio wenyewe, maana jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa. Kampuni haikumtupa. Ilimhamishia ng'ambo ya pili ya sufuria, ili jicho lililobaki lielekee kazi vizuri.

*

Sikudhani alijua zamu yake imefika siku ndege wale wa ukutani walipokuwa watatu. Wiki iliyofuata walikuwa watano, na baada ya hapo hawakuwa ndege tena, walikuwa madoa. Akaenda zahanati ya kiwanda, akapokewa na tabibu Ulanga, mtu mkimya aliyekuwa na kurunzi moja na dawa ya aina moja.

Tabibu alimulika la kushoto, akaguna. Akamulika la kulia, akaguna zaidi.

"Dada, la kushoto limeshakwenda. La kulia liko njiani."

"Dawa?"

"Dawa ni hewa. Wafungue lile dirisha, mvuke utoke. Hakuna kingine. Likifunguliwa mwezi huu, la kulia tunalo. Lisipofunguliwa, kabla ya mvua za vuli utakuwa unakoroga kwa kunusa."

"Si uniandikie cheti niwapelekee?"

"Niliandika cha Chiku," tabibu akasema, akizima kurunzi. "Cheti nacho lazima kianze na itifaki. Daftari liliisha sijafika kwenye ugonjwa."

Basi Sikudhani akatoka pale na jambo moja tu kichwani. Sheria za nchi ile zilikuwa wazi kuhusu kuomba. Mtu mmoja akiomba, ni majungu. Wakiomba wengi bila chama, ni ghasia. Wakiomba kupitia chama, hapo ndipo ni ombi, na ombi likisikika lazima lijibiwe. Kwa hiyo jicho lake lilihitaji chama. Yeye na Chiku wakazunguka na karatasi wakati wa chakula, chumba kwa chumba, na watu sitini na watatu wakaweka dole gumba. Karatasi ilinukia maharage, lakini ilijaa.

*

Mkurugenzi Melkiori Kadege alikuwa mtu mwema, na hili si la kusikia. Lilikuwa limethibitishwa. Ukutani kwake zilining'inia nyota nne za shaba kutoka Wizara ya Wema wa Biashara, na nafasi ya nyota ya tano ilikuwa imeshapigwa msumari, ikisubiri. Aliipokea karatasi ya Sikudhani, akaisoma, akatoa leso.

"Chama," akasema, sauti ikikwaruza. "Sikudhani, mwanangu. Chama?"

Sikudhani alimzidi Mkurugenzi miaka sita, lakini aliitwa mwanangu kwa mujibu wa muundo wa kampuni.

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Hapa sisi si familia?"

"Ni familia, Mkurugenzi."

"Umeona wapi watoto wanaunda chama dhidi ya baba yao?"

"Si dhidi. Tuna ombi moja tu."

Mkurugenzi akainua mkono haraka, kama mtu anayezuia mlango. "Usilitaje! Huna chama, na hujanitambua. Ukilitaja sasa utakuwa umelipoteza bure." Akapangusa macho. "Mimi nakulinda, unaona? Hata hapa nakulinda."

Angeitupa ile karatasi, na angeitupa kwa huruma, lakini mezani kwake ilikuwepo fomu ya kuombea nyota ya tano. Swali lake la mwisho lilimnyima usingizi: Je, kampuni yako inaunga mkono wafanyakazi kuunda chama chao? Mkurugenzi alilitazama swali hilo kutoka kila pembe. Kama sisi ni wema, aliwaza, chama cha nini? Na kama si wema, tutakiungaje mkono?

Jambo zito namna hiyo halimalizwi na mtu mmoja. Likaitishwa kongamano.

Wataalamu walikaa siku nne katika hoteli yenye bustani, chini ya bango lililosomeka: BIASHARA NJEMA NA CHAMA CHA WAFANYAKAZI: JE, VINAPATANA? Wafanyakazi hawakualikwa, wasije wakaelemea upande mmoja. Siku mbili za kwanza na nusu ya tatu zilikwenda kwenye itifaki. Mchana wa siku ya tatu profesa mmoja alithibitisha kwamba chama ni kama mwavuli, na kwa kuwa Huruma hakunyeshi, mwavuli utawatisha watu kwamba kuna mawingu. Profesa wa pili alimpinga vikali: chama si mwavuli, ni mkongojo, na kumpa mkongojo mtu mzima ni kumtukana. Kijana mmoja mtafiti aliuliza kama isingekuwa vizuri kuwauliza wenyewe. Akapelekwa chumbani kwake akapumzike, jua lilikuwa kali.

Siku ya nne likatoka azimio. Kampuni yenye maadili sharti iunge mkono chama cha wafanyakazi, tena kwa nguvu zake zote, kwa mikono miwili, mabega na kifua, kiasi kwamba chama hicho kisilazimike kusimama chenyewe hata dakika moja.

Mkurugenzi akaandika "Ndiyo" kwenye fomu, kwa wino wa kijani.

*

Tangu hapo Sikudhani hakupumua kwa kuungwa mkono.

Chama kilipewa ofisi, ndani ya ofisi ya Mkurugenzi, ili kisijihisi mpweke. Kilipewa kofia za njano, wimbo wa beti kumi na mbili wa kuisifu subira, na Afisa wa Kuunga Mkono, Bi Ruzuna Kahwa, mwanamke nadhifu aliyevaa glavu nyeupe hata akiwa anakula muhindi. Bi Ruzuna alikuja chumba cha kuchemshia, akasimama mlangoni kwa sababu ya mvuke, akatangaza kwamba wafanyakazi wamemchagua Sikudhani kuwa msemaji wao.

"Tumemchagua lini?" akauliza mzee mmoja wa kupanga vipande.

"Jana, kwa kauli moja. Kampuni iliwapigia kura ili msisimamishe kazi. Hongereni sana."

Kisha akaeleza yaliyobaki. Kisheria chama huzaliwa siku ombi lake la kwanza linaposikika mbele ya viongozi. Kabla ya hapo ni mimba tu. Sherehe ya Ombi la Kwanza itafanyika ukumbini baada ya wiki tatu, na wageni rasmi watakuwa arobaini na mmoja.

"Nipe orodha nikaisome, Bi Ruzuna," Sikudhani akasema.

"Nitakupa ukaikariri. Kusoma hairuhusiwi. Kutambua ni kwa macho, mama. Unamtazama kiongozi, unamtaja, yeye anatikisa kichwa, unakwenda kwa mwingine. Ukimsomea kwenye karatasi ni sawa na kuisalimia karatasi."

"Na watakaa kwa mpangilio wa orodha?"

"Viongozi hawapangwi," Bi Ruzuna akajibu kwa upole. "Viongozi hukaa wanapojisikia. Ukikosea mmoja, nitainua kibendera chekundu, utaanza upya."

Sikudhani akamtazama. Aliona glavu mbili nyeupe zikielea, na kati yake ukungu unaozungumza.

Kuanzia siku hiyo, kila mapumziko ya mchana, yeye na Chiku walifanya mazoezi nyuma ya ghala. Chiku alipanga katoni za sabuni safu mbili, akazivika kofia za njano, akakaa juu ya ile ya kwanza, miguu kaitanua.

"Haya, mimi nani?"

"Mheshimiwa Waziri wa Wema wa Biashara."

"Kosa! Waziri hakai hivi, shoga. Waziri anakaa kama anayeogopa suruali itapasuka. Mimi ni Katibu Tarafa, nimetoka kula."

"Sikuoni sura, Chiku, nitajuaje?"

"Tumia akili. Tumbo la duara ni wilaya. Tumbo la duara lenye tai ni mkoa. Anayesinzia ni taifa."

Sikudhani alicheka mpaka akashika ukuta. Akarudia tena, mara kumi, mara ishirini. Alijifunza kumtambua mtu kwa rangi ya nguo, kwa kikohozi, kwa namna anavyohema. Siku ya mwisho ya mazoezi alizimaliza katoni zote arobaini na moja bila kosa, na Chiku akashuka akamkumbatia.

"Na ukishamaliza wote, utasema nini?"

"Fungueni dirisha."

"Basi?"

"Basi."

"Maneno mawili! Ongeza 'tafadhali,' wasikuone mkali."

"Tafadhali itawachosha," Sikudhani akasema. "Watakuwa wametikisa vichwa mara arobaini na moja."

*

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Wafanyakazi sitini na watatu walikaa nyuma na kofia zao. Mbele, jukwaani, palikuwa na viti vya kitambaa, maua, vipaza sauti vikubwa vilivyofunikwa bendera ya taifa ili visionekane vya kigeni, na wageni rasmi. Chiku alikaa safu ya kwanza ya wafanyakazi, karibu kabisa na mahali pa kusemea. Mkurugenzi alimwongoza Sikudhani kwa kumshika kiwiko. Kwa wiki tatu mvuke ulikuwa umefanya kazi yake bila kukosa hata siku moja, na alipogeuza uso kuwaelekea wakubwa, Sikudhani aliona safu ya mablanketi yaliyoanikwa.

Akaanza. Alimpata Waziri kwa kusinzia. Alimpata Naibu wake kwa kikohozi, Msajili wa Vyama kwa harufu ya karafuu mdomoni, Balozi wa Sabuni kwa kilemba cha zambarau. Vichwa vilitikiswa. Alipofika wa kumi na tisa sauti yake ilikuwa imetulia, na kule nyuma mtu alinong'ona, "Anaweza, jamani." Akafika wa thelathini. Akafika wa thelathini na saba, akaona umbo pana, la duara, limevaa rangi za taifa.

"Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa," akasema, akainamisha kichwa, "mlezi wa viwanda, baba wa maendeleo ya mkoa wetu."

Umbo halikutikisa kichwa. Kilikuwa kipaza sauti.

Mkuu wa Mkoa mwenyewe, aliyekaa pembeni yake, akakunja mikono kifuani. Kibendera chekundu kikapanda.

"Upya, mama," Bi Ruzuna akasema, bila hasira.

Akaanza upya. Lakini wageni wengine walikuwa wamekwenda kujisaidia na kurudi viti vingine, mwenye kilemba alikuwa amekivua kwa joto, na Waziri alikuwa ameamka. Safari hii alikosea wa saba. Kibendera. Akaanza mara ya tatu, akakosea wa pili. Jicho la kulia lilikuwa linachuruzika sasa, na kila alipolipangusa lilirudi na ukungu mzito zaidi, mpaka mablanketi yakaungana yakawa shuka moja jeupe lisilo na mtu ndani.

Sikudhani akashusha mkono. Alielewa kwamba hatawahi kuwaona tena watu hawa, leo wala kesho, na kwamba ili apewe hewa ya kuokoa jicho ni lazima kwanza awe na jicho. Hakuwa na namna nyingine. Akasogea karibu na maikrofoni, akavuta pumzi.

"Fungueni dirisha," akasema.

Ukumbi ulitulia. Sauti ilikuwa imetoka vizuri, ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Akasubiri.

"Karibu, mama," Waziri akasema kwa upole. "Anza tu, usiogope."

Sikudhani akadhani hakusikia. "Fungueni dirisha!"

Fundi mitambo akakimbia akagonga maikrofoni kwa kidole, ko, ko, akamwonyesha Bi Ruzuna dole gumba: inafanya kazi. Jukwaani viongozi walitazamana kwa wasiwasi wa kweli. Hakuna aliyekuwa akimdhihaki. Walikuwa wanamsubiri, shingo zimenyooka, kama watu wanaosubiri simu ipokelewe upande wa pili.

"Fungueni dirisha!" Sikudhani akapiga kelele, mishipa ya shingo ikamtoka. "Fungueni dirisha! Fungueni dirisha!"

Kimya kilikuwa kizito mpaka kiti kikasikika kikilia.

Mkurugenzi Kadege ndiye aliyesimama kwanza, leso mkononi. Akawatambua wote arobaini na mmoja, kwa mpangilio, bila kosa, kwa macho yake mazuri. Kisha akasema: "Nimeguswa. Msemaji wa wafanyakazi wangu amesimama hapa mbele ya taifa, mdomo wazi, na hakupata hata neno moja la kulalamikia. Kimya hiki, ndugu zangu, nitakikumbuka maisha yangu yote."

Makofi yakalipuka. Waziri naye alisimama, akasema amehudhuria vyama vingi katika utumishi wake, vingine vya matusi, vingine vya mawe, lakini hajapata kuona chama kilichotosheka namna hii. Ni kweli, akasema, kwa kuwa ombi halikutolewa, kisheria chama hakijazaliwa. Ila hilo linaikuza kampuni zaidi. Kuunga mkono chama kilichopo kila mtu anaweza. Kuunga mkono kisichokuwepo, hiyo ndiyo imani. Hapo hapo akamvisha Mkurugenzi nyota ya tano, na karani wa kumbukumbu akaandika: Msemaji alinyamaza kwa furaha.

Wimbo wa kuisifu subira ukaanza. Sikudhani alishuka ngazi kwa kupapasa, mguu mmoja ukitafuta sakafu kabla ya mwingine, mpaka mkono alioujua ukamshika. Ulikuwa mkono wa Chiku, uliokauka kwa kostiki kama wake. Chiku akamketisha kando yake, akampangusa uso kwa ncha ya khanga, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha taa. Wenzao waliokaa karibu waliinama kumtazama, na wengine walikuwa wanalia.

"Pole, shoga yangu," Chiku akamnong'oneza. "Tulikusubiri sana. Yalikuwa maneno mawili tu. Kwa nini hukuyasema?"

"Nimeyasema, Chiku. Nimeyasema mara tano."

Chiku akaacha kumpangusa.

"Lini?" akauliza, na hakuwa anatania.